Ndugu anakula kodi za marehemu: kesi ya kudharau mahakama, au njia nyingine?

Alikuja na bahasha ya kaki iliyochakaa pembeni, akaiweka mezani na kusema kabla hajaketi: "Kaka, nataka afungwe."

Aliyetaka afungwe ni mdogo wake wa tumbo moja. Baba yao alikuwa ameacha vyumba 11 vya kupangisha Mishomoroni, kila kimoja kikilipiwa shilingi 4,500 kwa mwezi. Mdogo mtu ndiye aliyekwenda kortini, akapewa hati ya usimamizi wa mirathi, na tangu siku ile wapangaji wanamtumia kodi kwenye simu yake. Ni shilingi 49,500 kila mwezi. Miezi 14 ilikuwa imepita, na dada huyu, mama yao mzee na ndugu wengine wawili hawajaona hata senti. Piga hesabu mwenyewe: shilingi 693,000.

Mimi ni karani katika ofisi ya wakili hapa Mombasa, si wakili, na maandishi haya hayashiki nafasi ya wakili. Ila nimeketi mezani hapa miaka mingi kiasi cha kujua kwamba katika magomvi ya mirathi, maneno "kudharau mahakama" ndiyo yanayotajwa upesi zaidi, na mara nyingi siyo dawa ya ugonjwa ulioletwa. Nataka niyaweke kando ya njia nyingine ambazo Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, inazitoa, ili mwenye uchungu kama wa dada huyu ajue anachagua nini kabla hajalipa ada ya kufungua ombi.

Nionyeshe agizo

Nilimuuliza: "Dada, agizo alilolivunja liko wapi?" Akatoa hati ya usimamizi. Nikamwambia hii inampa mamlaka, haimwamuru jambo. Ni kama leseni ya udereva: inakuruhusu kuendesha, lakini haikuamuru Jumanne uende Kilifi. Msimamizi akila mali ya marehemu amevunja wajibu ambao sheria imempa, na wajibu huo una njia zake za kudaiwa. Kudharau mahakama ni kosa jingine. Ni kukaidi neno la jaji lililoelekezwa kwa mtu fulani, kumtaka afanye au aache jambo fulani.

Hapo ndipo familia nyingi hukwama, kwa hiyo nitalisema kwa mapana. Kuna watu wa aina tatu wanaokula mali ya marehemu, na kila mmoja ana mlango wake. Wa kwanza ni yule asiye na hati yoyote: ami, jirani, mtoto mkubwa aliyejitangaza. Huyu anaingilia mali ya marehemu bila idhini, na kifungu cha 45 kinamhusu. Wa pili ana hati lakini hatoi hesabu, hagawi, au anatumia kodi kama mshahara wake. Huyu anahusika na vifungu vya 76, 83, 94 na 95. Wa tatu ni yule ambaye jaji amemwambia waziwazi "usiuze", "leta hesabu kufikia tarehe hii", "kodi ziingie akaunti hii", naye akafanya kinyume. Huyu peke yake ndiye wa kudharau mahakama.

Dada alikuwa na karatasi ya pili. Ilikuwa agizo fupi la siku kesi ilipotajwa: pande zote zidumishe hali kama ilivyo. Aliamini hilo ndilo agizo lililovunjwa. Nikamuuliza, siku jaji anaandika maneno haya, nani alikuwa akipokea kodi? Akanyamaza kidogo. "Yeye." Basi hali kama ilivyo ni yeye kuendelea kupokea. Agizo alilolitegemea kumfunga nduguye ndilo ambalo wakili wa nduguye angelishika kama ngao.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu nimeliona zaidi ya mara moja. Watu wanatoka kortini wamefurahi kwamba hali imedumishwa, bila kuuliza hali gani. Ukiomba agizo la namna hiyo, mwombe wakili wako hali yenyewe iandikwe: nani anaishi chumba gani, kodi inakwenda wapi, hati miliki iko mikononi mwa nani.

Kesi ya kudharau mahakama inadai nini

Kwa muda mfupi Kenya ilikuwa na sheria maalum kuhusu jambo hili, ya mwaka 2016. Mahakama Kuu iliibatilisha Novemba 2018, sababu mojawapo ikiwa umma haukushirikishwa ipasavyo ilipotungwa. Tangu hapo tumerudi kwenye kifungu cha 5 cha sheria ya mfumo wa mahakama, Sura ya 8, ambacho kinaipa Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufaa uwezo ule ule wa kuadhibu walio nao majaji wa Uingereza. Kifungu hicho kinazitaja mahakama hizo mbili. Kama faili la mirathi yenu liko kwa hakimu, lizungumzeni suala la mamlaka na wakili kabla ya kuandika lolote.

Mambo ambayo jaji atayatafuta ni manne. Agizo liwe wazi, lisilo na tafsiri mbili. Mshtakiwa awe alilijua. Awe amelivunja. Na awe amelivunja kwa kusudi, si kwa kushindwa au kwa kutoelewa. Likikosekana moja, ombi linaanguka, na gharama huenda zikakuangukia wewe.

Kiwango cha ushahidi ndicho kinachowashangaza watu. Katika kesi ya kawaida ya madai unashinda ukionyesha kwamba upande wako una uzito zaidi. Hapa, tangu uamuzi wa Mahakama ya Rufaa wa 1985, inatakiwa zaidi ya hapo: karibu na kiwango cha kesi ya jinai, ingawa haufiki kabisa huko. Sababu yake ni ya haki, kwa maana mwisho wa ombi hili mtu anaweza kulala jela. Kwa hiyo "kila mtu mtaani anajua anakula kodi" haitoshi. Kinachotosha ni taarifa ya M-Pesa ya mpangaji inayoonyesha tarehe, kiasi na jina la aliyepokea, iliyoambatishwa kwenye kiapo cha mpangaji mwenyewe, na tarehe hiyo iwe baada ya agizo. Tarehe ni kila kitu. Malipo ya siku moja kabla ya agizo hayana maana yoyote katika ombi hili, hata yawe laki tano.

Kuhusu kulijua agizo, zamani mambo yalikuwa magumu zaidi: usipomkabidhi mtu agizo mkononi, limekwisha. Siku hizi korti zinakubali kwamba kujua kunatosha. Kama wakili wake alikuwepo agizo likisomwa, ni vigumu yeye kusema hakujua. Na tangu kanuni za 2020, hati zinaweza kupelekwa kwa barua pepe au kwa ujumbe wa simu. Nimeona picha ya skrini ya WhatsApp yenye alama mbili za buluu ikiwa kiambatisho cha kiapo. Hata hivyo ushauri wangu haujabadilika: mtume mpeleka samansi ampe mkononi, aandike saa, mahali na alichosema aliyepokea, na agizo lenyewe liwe na onyo juu yake kwamba ukaidi utaleta adhabu. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na kupoteza ombi zima kwa sababu mtu ameapa kwamba simu yake ilikuwa kwa fundi.

Halafu kuna jambo ambalo halisemwi vya kutosha. Ukishinda, unapata nini? Mahakama inaweza kumtoza faini, na faini haiji kwako. Inaweza kumfunga, na akiwa ndani hatoi hesabu wala hatii saini. Mara nyingi jaji humpa nafasi kwanza ya kujisafisha kwa kutii, na hapo ndipo faida yako ilipo, katika ile hofu. Majaji wetu wamerudia mara nyingi kwamba nguvu hii ipo kwa ajili ya heshima ya mahakama, si kwa ajili ya kumfurahisha mlalamikaji. Mali haigawanywi kwa njia hii.

Tena, aliyefungwa ni mwana wa nani? Niliwahi kuwepo siku ambayo mtu alichukuliwa moja kwa moja kutoka kortini kwa kukaidi agizo la mirathi. Aliyefungua ombi ni dada yake. Mama yao alikuwa amekaa benchi la nyuma na kibuyu cha maji, akasimama, akajaribu kumpa mwanawe yale maji, askari akamzuia kwa upole. Dada mtu hakuwa amekosea kisheria. Lakini alitoka nje akaegemea ukuta muda mrefu, na sidhani alikuwa amelifikiria benchi la nyuma siku alipotia saini kiapo chake.

Sisemi watu wasifungue ombi hili. Kuna watu hawasikii mpaka wasikie mlango wa chuma. Kama jaji alisema "usiuze ploti" na mtu akaiuza, au alisema "toa funguo kufikia Ijumaa" na mwezi umepita, hilo ni ombi halali na zuri. Ninalosema ni kwamba ni ombi la mwisho wa mlolongo, na mlolongo una hatua zinazoletea watu riziki yao upesi zaidi.

Ukiliweka kando ya ombi la hesabu

Hili kwangu ndilo ombi linalodharauliwa kuliko yote, na ndilo ambalo dada yule alilihitaji.

Kifungu cha 83 kinamtaka msimamizi alete kortini orodha kamili ya mali na madeni ndani ya miezi sita tangu apewe hati. Hati ikithibitishwa, yaani korti ikiidhinisha mgawanyo wa mali, ana miezi sita mingine ya kumaliza ugawaji na kuleta hesabu kamili. Na korti inaweza kumwagiza alete hesabu wakati wowote, kwa hiari yake yenyewe au kwa ombi la mtu yeyote mwenye maslahi. Mjane, mtoto, mdai, wote wamo.

Linganisha basi. Katika kudharau mahakama, wewe ndiye unayebeba mzigo wa kuthibitisha, kwa kiwango kile cha juu. Katika ombi la hesabu, mzigo unamhamia yeye: alipokea ngapi, alitumia ngapi, risiti ziko wapi. Hulazimiki kuthibitisha kwamba ameiba. Unaonyesha tu kwamba yeye ni msimamizi, wewe ni mrithi, na muda umepita. Kodi za miezi 14 zitajieleza au zitashindwa kujieleza. Zikishindwa, kifungu cha 94 kinamfanya awajibike mwenyewe kwa hasara aliyoisababisha kwa uzembe au ubadhirifu, na anaweza kukatwa katika fungu lake la urithi. Hapo pesa inarudi kwa warithi, jambo ambalo faini ya kudharau mahakama haiwezi kulifanya.

Tena ombi la hesabu huzaa agizo. Agizo hilo likiandikwa vizuri, lenye jina, tarehe na kitendo, na akilikaidi, sasa una msingi safi wa kudharau mahakama. Anayeanza na hesabu anajenga kesi yake ya pili huku akiidai ya kwanza. Anayeanza na kudharau mahakama bila agizo hana pa kusimama.

Nilimchorea dada yule tofauti kwenye karatasi. Agizo baya: "Msimamizi atoe hesabu." Agizo zuri: msimamizi awasilishe kortini, kwa hati ya kiapo, hesabu ya kodi zote za vyumba 11 vya ploti namba fulani tangu tarehe aliyopewa hati, pamoja na taarifa za simu na benki, ndani ya siku 30, na kuanzia mwezi ujao kodi zote ziingie katika akaunti ya pamoja itakayotiwa saini na watu wawili. La pili ukilivunja, hakuna mtoto wa shule ya msingi asiyejua kwamba umelivunja.

Kando ya kumwondoa msimamizi

Kifungu cha 76 kinaruhusu hati ifutwe wakati wowote, iwe imethibitishwa au haijathibitishwa. Sababu zake zimeandikwa: mwenendo wa kuipata ulikuwa na kasoro ya msingi, ilipatikana kwa udanganyifu au kwa kuficha jambo kubwa, msimamizi ameshindwa kuomba uthibitisho ndani ya mwaka mmoja, ameshindwa kuendesha mirathi kwa bidii, au hajaleta orodha na hesabu baada ya kuarifiwa na bila sababu ya maana, au hati imekuwa haina kazi tena, kama vile msimamizi akifariki.

Hapa uchaguzi unategemea kilichoharibika. Kama nduguyo aliandika kortini kwamba marehemu aliacha watoto wawili na kumbe mko watano, usipoteze muda na kudharau mahakama. Msingi wenyewe umeoza, na dawa yake ni kifungu cha 76. Familia nyingi hugundua hivi wakati barua ya chifu inayotaja warithi inapotolewa kwenye faili na majina yao hayamo. Tangazo lilitoka katika Gazeti Rasmi la Serikali, siku 30 zikapita, na nani katika familia husoma gazeti lile?

Lakini kama aliteuliwa kwa halali na kosa lake ni ukaidi, kumwondoa kuna bei yake. Lazima apatikane wa kushika nafasi. Kama hamwelewani juu ya nani, mtakaa mwaka mwingine mkibishana, na kodi zinaendelea kuliwa. Mara nyingi majaji huona afadhali kumwongezea msimamizi mwenza kuliko kufuta kila kitu; sheria inaruhusu hadi wasimamizi wanne, na palipo na watoto wadogo wenye fungu lao hutakiwa wasiopungua wawili. Mimi huona msimamizi mwenza kuwa suluhisho la utu katika familia ambazo bado zinasalimiana. Hamvui mtu nguo mbele za watu. Mnamwekea jicho la pili.

Na kuna tahadhari ya ardhi. Kifungu cha 93 kinamlinda mnunuzi aliyeuziwa na mwenye hati hata hati hiyo ikifutwa baadaye, ingawa korti zimekuwa zikimkagua mnunuzi kwa makini zaidi tangu Katiba ya 2010, ambayo hailindi mali iliyopatikana kinyume cha sheria. Sheria pia inakataza ardhi ya marehemu kuuzwa kabla ya hati kuthibitishwa. Maana yake kwako ni moja: ukisubiri hadi hati ifutwe ndipo uikimbilie ploti, huenda ukamkuta mnunuzi amekwisha kujenga ukuta na kuweka tangi la maji.

Kama hofu yako ni kuuzwa kwa ardhi

Basi usianze na jela wala na hesabu. Nenda kwa msajili wa ardhi. Mwenye maslahi katika ardhi anaweza kuomba tahadhari iandikwe kwenye rejista chini ya Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, na mahakama inaweza kuagiza usajili wote usimame mpaka kesi iishe. Karatasi hiyo moja kwenye rejista ina nguvu kuliko vitisho vyote vya kudharau mahakama, kwa sababu inamzuia hata mnunuzi ambaye hakuwahi kulisikia agizo lenu. Kudharau mahakama huja baada ya maji kumwagika. Tahadhari hushika ndoo.

Kama ardhi imekwisha kwenda kwa mtu wa nje ya familia, na anadai ni yake, ujue kwamba huenda mkatakiwa kwenda Mahakama ya Ardhi na Mazingira. Korti ya mirathi hugawa kilicho cha marehemu. Haipendi kuamua ugomvi wa umiliki na wageni. Ukikaidi agizo la mahakama ile ya ardhi, sheria yake inataja faini isiyozidi shilingi milioni 20, au kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili.

Kama tatizo ni saini tu

Hati imethibitishwa, cheti kinasema kila mtu apate chumba gani au ekari ngapi, na msimamizi anakataa kutia saini fomu za kuhamisha. Hapa watu hukimbilia kudharau mahakama kwa hasira, na mimi hutamani niwakamate mkono. Iombe mahakama iagize Naibu Msajili wa mahakama atie saini badala yake. Ni ombi la kawaida, korti hulitoa, na likishatolewa yule ndugu hana tena cha kukunyima. Anaweza kubaki nyumbani amekunja mikono. Hati miliki yako inaendelea kusogea. Ukilinganisha, mwenye kufungua ombi la kumfunga atasubiri kiapo cha majibu, atasubiri kusikilizwa, atasubiri uamuzi, na mwisho wake bado anahitaji ile saini.

Polisi

Kwa asiye na hati kabisa, kifungu cha 45 kinasema kuingilia mali ya marehemu ni kosa: faini isiyozidi shilingi 10,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Kifungu cha 95 kina adhabu ya kiwango hicho hicho kwa msimamizi anayepuuza wajibu wake kwa makusudi. Sheria hii ilianza kutumika 1981, na shilingi 10,000 za wakati ule si za leo. Leo ni kodi ya vyumba viwili na chenji. Kwa hiyo ukitaka kumtisha mla kodi wa vyumba 11 kwa faini hiyo, hatatishika. Kilicho na maana zaidi ndani ya kifungu cha 45 ni sehemu ya pili: aliyeingilia mali anawajibika kwa msimamizi halali kwa kiasi cha mali aliyoigusa. Hiyo ndiyo ya kushika.

Upatanishi, kabla au katikati

Tangu 2016 mahakama za Kenya zina utaratibu wa kupeleka kesi kwa mpatanishi, na kitengo cha familia cha Nairobi kilikuwa miongoni mwa vya kwanza. Makubaliano yakifikiwa huwekwa kortini na kuwa agizo. Hilo watu hawalitambui: mapatano mliyoyafikia mkinywa chai, yakishapitishwa na jaji, ukiyavunja ni ukaidi wa agizo la mahakama sawasawa na amri iliyotolewa baada ya kupigana miaka mitano. Na familia zikipigana, miaka hupita kweli. Mirathi ya Mbiyu Koinange, aliyekuwa waziri na akafariki 1981, ilikuwa bado kortini zaidi ya miaka 30 baadaye. Ile ilikuwa mali kubwa. Vyumba 11 havina uwezo wa kulisha mawakili kwa muda huo.

Kwa wasomaji wa Tanzania

Majina na fomu ni tofauti lakini swali ni lile lile. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mirathi, Sura ya 352, msimamizi anatakiwa kuwasilisha orodha ya mali ndani ya miezi sita tangu ateuliwe na hesabu ndani ya mwaka mmoja, na akikataa bila sababu, kifungu cha 49 kinaruhusu usimamizi wake utenguliwe. Kwa mirathi iliyofunguliwa Mahakama ya Mwanzo, watu wanazijua kama fomu namba 5, ya orodha ya mali, na namba 6, ya hesabu. Mara nyingi mrithi wa Tanga au Morogoro anayelalamika kwamba msimamizi ameidharau mahakama anachokihitaji ni kumuuliza karani: fomu namba 6 ipo kwenye faili? Kama haipo, hoja yake imeanzia hapo.

Dada wa bahasha ya kaki

Hakufungua ombi la kudharau mahakama. Wakili alimwandikia ombi la hesabu, akaongeza maombi mawili: akaunti ya pamoja, na mama yao awe msimamizi mwenza. Tahadhari iliwekwa kwenye rejista wiki ile ile. Wapangaji watatu walikubali kuapa na kutoa taarifa zao za M-Pesa. Mmoja alikuwa ameandika kwenye daftari la shule la mwanawe kila mwezi alioulipia, kwa kalamu nyekundu.

Agizo likatoka likiwa na siku 30 na onyo la adhabu juu yake. Mpeleka samansi alimkuta mdogo mtu kibandani kwake, akampa mkononi, saa nne na dakika ishirini asubuhi. Siku ya 28 aliingia ofisini kwetu akiwa peke yake na sanduku la viatu lililojaa risiti: sementi, fundi wa choo, ada ya shule ya mtoto wa dada yao mwingine, dawa za mama. Nyingine hazikuwa na maelezo yoyote. Hesabu ilipojumlishwa, kati ya zile 693,000 alishindwa kueleza 310,000 na ushei, nazo zikaandikwa dhidi ya fungu lake.

Dada alipoona risiti za dawa za mama alizishika muda mrefu, akaniuliza kama angeweza kupewa nakala.